Neno Kupus Lilizaliwa Kwetu

Jumatatu, 21 Novemba

Tihomir tena! Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ila mdomo wake bado uko kazini. Jana baraza lilitangaza kijiji kitakuwa na sikukuu ya kabichi, na mwenyekiti anatafutwa. Leo baa nzima ilimsikiliza akichambua neno letu kupus, yaani kabichi. Eti chimbuko lake ni Kilatini, vitu vilivyowekwa pamoja. Eti Warusi na Wapolandi husema kapusta, Wahungaria wakaliazima kwa Waslavi, na huko Ufini kapusta ni upawa. Upawa! Watu wakamnunulia rakija, ile pombe yetu kali ya matunda.

Nikasimama. Nikasema neno limezaliwa hapa hapa bondeni, wengine wote wametuibia. Akaniuliza kwa upole: ushahidi uko wapi, jirani? Wakaangua kicheko. Haya. Ushahidi atauona. Mwenyekiti ni mimi, Svetozar, nisipokuwa mimi basi sina haja ya sikukuu.

Jumatano, 23 Novemba

Ushahidi ni jiwe la kale lenye maandishi. Mawe ya kijijini yote yako kwenye kuta za watu. Nikashuka stoo ya chini, nikalikuta! Jiwe la mto, laini, linalokandamiza kabichi katika pipa la Radojka zisielee juu ya maji ya chumvi. Mke wangu alilirithi kwa bibi yake.

Pipa hilo analilinda sana. Tarehe kumi na tisa Desemba ni siku ya mtakatifu wa nyumba yetu, na wazazi wa mchumba wa binti yetu Jelena wanakuja kwa mara ya kwanza. Watapikiwa sarma: wali na kokwa za jozi, vimefungwa kwenye majani ya kabichi iliyochacha. Radojka ameapa, sarma ikiharibika anahamia kwa dada yake mjini Kragujevac na mimi nijipikie.

Iharibike kwa nini? Mahali pa jiwe nimeweka dumu la maji. Uzito uleule. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Juu ya jiwe nimechonga KUPUS. Likapendeza, nikaongeza mwaka 1190. Nimelifukia kando ya barabara, pale mafundi watakapochimba kusimika kibao cha kijiji.

Jumamosi, 26 Novemba

Limepatikana! Padri alipiga ishara ya msalaba. Nililia, tena machozi ya kweli, hata mwenyewe nilishangaa. Tihomir alichutama, akasema miaka hiyo watu wetu hawakuandika tarakimu za namna hii. Kina mama wakamkemea: mwalimu mzima, wivu wa nini?

Baraza limeniteua mwenyekiti, mpaka mtaalamu wa makumbusho aje kuthibitisha. Radojka nimemwambia asijisumbue kwenda kutazama. Jiwe ni jiwe tu.

Jumamosi, 3 Desemba

Harufu. Loo, harufu!

Kumbe dumu la maji ndani ya maji halina uzito hata kidogo. Linaelea kama bata. Kabichi zimepanda juu zote, zimeota ukungu. Radojka anasema lazima kuna panya aliyekufa huko chini. Nikajitolea kumtafuta, na nikamkataza asishuke, panya hawa wana maradhi. Nimemtafuta panya mchana kutwa. Mkwe mtarajiwa alipiga simu kusema anaota sarma ya Radojka usiku.

Jumapili, 11 Desemba

Mtaalamu alifika baada ya ibada. Mama mfupi, miwani minene. Kijiji chote kilikuwa ukumbini. Hakusoma maandishi. Alinusa! Akagusa jiwe kwa kidole, akaonja, akauliza mbona lina chumvi na linanuka kabichi.

Niliponea chupuchupu. Nikapaza sauti: lisinuke kabichi kwa nini, mama, na ni jiwe la kabichi? Harufu ya mababu zetu, imetunzwa miaka mia nane! Makofi yakarindima. Padri mwenyewe alipiga makofi.

Mlango ukafunguka. Radojka. Mkononi, dumu.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alilipindua jiwe, akaonyesha pengo alilolitia bibi yake alipoliangusha siku ya harusi yake. Akasema: “Svetozar, ulikuwa unatafuta panya? Nimempata. Amevaa tai.” Akalikumbatia jiwe, akaenda zake. Mtaalamu akaomba kahawa. Ukumbi mzima ulicheka mpaka benchi likavunjika.

Jumatatu, 19 Desemba

Kabichi za pipa tuliwamwagia nguruwe. Nguruwe walikataa.

Wiki nzima begi la Radojka lilikaa wazi kitandani. Niliogopa, naandika kweli. Nyumba bila yeye ni kuta tu. Jana asubuhi akabisha hodi nani? Tihomir, na ndoo ya kabichi za pipa lake, zimechacha barabara. Akasema ujirani ni ujirani, sikukuu ya mtakatifu haikosi sarma. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wakwe wamekula mpaka wamefungua mikanda. Wamemwita Jelena “mwanetu”. Tihomir alikalishwa kando ya mgeni wa heshima. Ndiye mwenyekiti sasa. Nilipaswa kuisifu sarma mbele ya watu wote, nikaisifu, maana ilikuwa tamu, ilaaniwe. Radojka akanitilia ya mwisho sahanini. Akasema: “Kula, panya.” Begi limerudi juu ya kabati. Namshukuru Mungu na Mtakatifu Nikola.

Jumanne, 20 Desemba

Nimejichunguza kwa unyofu kama padri anavyotuhimiza. Kosa langu nimeliona: sikulisuuza jiwe.

Tena jana, akishindilia kipande cha nane, Tihomir alimweleza mkwe wangu kwamba neno sarma ni la Kituruki, maana yake kilichofungwa. La Kituruki! Mezani kwangu! Nami nikameza tu, kwa heshima ya siku hiyo.

Sarma imezaliwa hapa hapa bondeni. Mama yake Radojka ana chungu cha udongo darini kwetu, cheusi, kikuukuu, kinafaa kabisa. Radojka hukitumia kupikia wakati wa Krismasi, na Krismasi yetu ni tarehe saba Januari, muda upo tele.

Nimeshakisuuza mara mbili.