Aliyefiwa ni Mimi, Si Mkalimani

Kwa Mkuu wa Chuo, hapa mtaani Ng'ambo

Bwana Mkuu,

Mke wangu Kidawa amekufa. Ana miezi mitatu kaburini.

Mimi ni kiziwi, nasema kwa mikono. Nachanganya zege. Chuo chenu kiliniita ili wanafunzi wa ushauri nasaha wajifunze kuzungumza na kiziwi aliyefiwa. Mkalimani ni Ame. Nimekuja mara nne. Nna malalamiko.

1. Wanafunzi wanamtizama Ame. Mimi wananipa bega.

2. Nikisema "mke wangu amekufa", Ame naye husema vivyo hivyo, ndiyo kazi yake. Basi wakampa pole yeye. Ame hajaoa.

3. Mwanafunzi Nusrat alimwambia Ame asione haya, alie. Akalia. Akapewa maji. Mimi nilikuwa nimetoka juani, sikupewa.

4. Nikasema silali. Wakamwambia Ame apumzike siku tatu. Akenda Chwaka kwa dada yake, akala pweza. Siku tatu hizo mimi sikuwa na wa kunisemea.

5. Walikwenda kwa kina Ame kuhani msiba. Wamechukua mchele na sukari. Mama yake ndo kwanza anasikia kuwa mwanawe kafiwa na mke. Kakasirika, anauliza alioa lini na kwa nini hakualikwa. Vitu kavipokea.

6. Wameandika ripoti kuwa mteja kapona na kanenepa. Mwalimu kawapa alama nzuri. Aliyenenepa ni Ame.

Naomba wafundishwe kumtizama mwenye msiba. Ame akae nyuma yangu. Kama haiwezekani, nipewe karatasi yenye muhuri kuwa aliyefiwa ni mimi. Mama Ame nshamweleza kwa mikono, kanipa kisahani cha halua.

Nisalimie walimu, wapishi na mlinzi wa getini. Yeye peke yake hunitizama usoni.

Borafya Kheir
Jang'ombe

Nyongeza: Barua nilikuwa sijaileta. Leo nimewaeleza Kidawa alivyokuwa akiniita: anapiga sakafu kwa kisigino, nasikia miguuni. Ame hakutafsiri. Wanafunzi wakamuuliza, kasema nini? Akawaambia, ngojeni. Akalia, na mimi nikalia, ndiyo mara ya kwanza. Basi Ame msimhamishe kiti. Na wanafunzi msiwapunguzie alama, maana wao ndo waliomfundisha kulia. Karatasi siitaki tena. Kesho narudi kwenye zege.