Mjane wa Mantova

Nofri aliona picha moja mjini Firenze, kwa mchoraji mmoja aliyehitaji nafasi kuliko faida: mwanamke mwenye gauni la mahameli jekundu, lulu shingoni, na jicho la kukuchungulia mpaka mfukoni. Akainunua kwa bei ya kuku wawili. Kabla hajavuka daraja alishampa yule mwanamke jina, ukoo na marehemu mume.

"Ni mjane wa mji wa Mantova, Bwana Gherardo," alimwambia tajiri mmoja wa sufu, kapera wa miaka hamsini. "Amesikia sifa zako, kakutumia sura yake."

Gherardo aliikodolea macho picha mpaka mchuzi wake ukaganda. "Huyu? Ananitaka mimi?"

"Hali wala halali kwa ajili yako, kaka."

Basi zawadi zikaanza safari ya Mantova: pete, joho la manyoya, majora ya hariri. Zote zikafika salama chini ya kitanda cha Nofri.

Siku alipokwenda kuchukua bangili, alimkuta Gherardo ameketi na mwanamke. Jicho lilelile la pichani!

"Mshenga wangu!" Gherardo alipaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Amekuja mwenyewe!"

Alikuwa Piera, dobi wa mtoni. Zamani alimpelekea mchoraji yule nguo, naye akamvisha gauni la watu ili ajaribu rangi zake. Juzi, akileta mashuka kwa Gherardo, Piera akajiona ukutani. Mpishi akamsimulia habari za mjane na za zawadi anazobeba Nofri. Hakuhitaji kusimuliwa mara mbili. Leo amerudi na gauni la hariri, la mteja, bila shaka.

"Mashemeji wamenipokonya kila kitu," alisema kwa upole. "Zimebaki zawadi zangu tu, nazo anazo Nofri. Ananitunzia. Sivyo, kaka?"

"Mali ya nini, mpenzi?" alisema Gherardo, akakimbilia kumimina divai.

Nofri akainama, akanong'ona, "Wewe si dobi wewe?"

"Na wewe si mwizi?" Piera alijibu huku akitabasamu. "Haya, anza wewe kumwambia."

Nofri akachapuka kwenda nyumbani. Kabla ya jua kuzama, zawadi zote zilikuwa mezani. Mwandishi wa mikataba alipofika kuandika hati ya ndoa, akataka shahidi. Nofri akaweka mkono juu ya Injili.

"Naapa, mwanamke wa kwenye picha ndiye huyu hasa."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuapa kweli tupu. Alitoka pale akiapa tena, kimoyomoyo, kwamba hatarudia.