Pua ya Buluu

Jumatatu, 3 Machi
Msiba! Chunusi imeota puani, katikati kabisa, utadhani imepimwa kwa rula. Na Ijumaa nasoma hotuba mbele ya shule nzima. Mimi, ambaye hata kuitika jina darasani natokwa jasho! Binamu yangu Spika (hafungi mdomo, ndiyo maana) kauliza kama pua yangu imejifungua salama.

Bibi kaapa atakuja kunisikiliza, kwa miguu yake. Mguu wenyewe una kidonda, mwezi wa tatu sasa. Bakteria wake wamezoea vidonge vyote. Kesho anaanza tiba mpya. Mkalimani ni mimi, maana daktari anajua ile lugha ya shuleni tu.

Jumanne, 4 Machi
Maajabu. Dawa ni ya buluu. Inapakwa kidondani, mgonjwa anakaa gizani nusu saa, iwaingie bakteria vizuri. Yenyewe imelala tu. Ikimulikwa taa nyekundu, inaamka na kuwaua. Nilimfafanulia Bibi: dawa ni askari aliyelala, taa ndiyo kengele. Akasema kumbe ni kama mimi na asubuhi za shule.

Vipindi vinne. Ila kidonda kisipopungua kufikia Alhamisi, atalazwa. Hotuba yangu ataisikia kwa Spika. Mungu apishe mbali.

Halafu nikawaza: chunusi nayo si bakteria?

Jumatano, 5 Machi
Naandika kwa aibu. Daktari alimpaka Bibi dawa, akashusha pazia zito, akatoka. Kibakuli kikabaki mezani! Nikachovya kijiti cha pamba. Lakini gizani pua yangu sikuiona kwenye kioo. Nikafunua pazia kidogo tu. Jua likaingia lote, moja kwa moja mpaka mguuni kwa Bibi. Askari wakaamka kabla ya vita.

Daktari akarudi, akauliza nani kafungua. Bibi akasema ni yeye, joto limemzidi. Akakaripiwa kama mtoto wa chekechea, na karipio nililitafsiri mimi, neno kwa neno, kwa mdomo wangu huu huu. Kidonda kikaoshwa, kikapakwa upya. Nusu saa nyingine.

Tulipotoka, Bibi akasema: mke mwenza, futa pua.

Haifutiki.

Alhamisi, 6 Machi
Sabuni, wapi. Dawa ya meno, wapi. Lakini kidonda kimepungua! Daktari kakipima mara mbili. Bibi halazwi! Nilitaka kumkumbatia daktari, nikaishia kutazama viatu vyangu. Naye akaitazama pua yangu, akauliza kama na mimi nina miadi. Hilo sikulitafsiri.

Ijumaa, 7 Machi
Bibi alifika kwa miguu. Safu ya mbele. Akapiga makofi kabla sijafungua mdomo. Spika kanibatiza Kalamu, shule nzima imepokea. Sauti ilitetemeka aya ya kwanza, kisha ikatulia. Walinisikiliza wote, macho puani. Mwalimu kasema hajawahi kuona ukumbi umetulia vile.

Nimefurahi. Siku nzima nimefurahi.

Jumamosi, 8 Machi
Buluu inapauka. Chunusi ipo palepale, na kidevuni imepata mwenzake. Nimetafakari sana, kosa langu nimeliona: nilipaka dawa, taa sikupata!

Jumanne ni kipindi cha mwisho. Nimejitolea kumsindikiza Bibi kabla hajamaliza kuniuliza. Kanitazama weee, kisha akasema sawa, ila safari hii pazia atalishika yeye.

Vizuri sana. Mikono yangu itakuwa huru.