Malalamiko Dhidi ya Mguu wa Kulia wa Mholanzi

Khuat Van Thuc,
Nyumba ya tatu kutoka bwawa la bata,
Kijiji cha Dong Say,
Ninh Binh.

Tarehe 15, mwezi wa kumi na mbili kwa mwezi mwandamo.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Utamaduni na Wageni ya Kata.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MGENI ANAYEZIDISHA KINA

Kichwa hicho hapo juu kinajieleza chenyewe, lakini nitakieleza tena, kwa sababu najua ofisini kwenu vichwa vya barua husomwa na barua zenyewe hufungiwa maandazi.

Najua pia kwamba wewe ni binti wa marehemu mdogo wangu, na nyumbani unaniita Baba Mkubwa. Leo sikuandikii kama baba. Nakuandikia kama raia anavyomwandikia kiongozi wake. Kwa hiyo nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa mezani kwako, si jikoni, wala usimsomee mama yako kwa sauti, maana atacheka kabla hajafika penye uchungu. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili yasikupotee.

1. Kwanza ni hicho kina. Wageni wote wenye adabu hufika kijijini kwetu asubuhi, wakapanda mashua, wakapiga picha milima, wakala mboga zilizoviringishwa kwenye karatasi ya mchele, wakatokwa machozi kidogo kwa pilipili, na jioni wakaondoka na kofia ya majani kichwani. Huo ndio utalii. Mwaka jana, siku chache kabla ya Mwaka Mpya, akaja huyu Bwana Bram, Mholanzi mrefu kama nguzo ya umeme, akapanga chumba kwa mjane Duyen muuza supu. Alisema ni kwa siku mbili. Duyen alipomuuliza kesho angependa kuona nini, akajibu, kwa lugha yetu aliyoisoma kitabuni, kwamba hakuja kuona. Alikuja kuujua utamaduni wetu na mandhari yetu kwa kina zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, mto wetu kina chake ni kifuani. Mashamba ya mpunga ni magotini. Utamaduni hatujawahi kuupima, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tukampa. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalima shamba lote la Duyen, kisha akavuka tuta akaendelea na la jirani. Basi ile dawa ya wahenga imegoma. Akina mama wetu hupiga makasia kwa miguu, naye akataka. Siku ya kwanza aliingia na mashua katikati ya mayungiyungi, tukamtoa kwa kamba kama nyati. Leo anapiga makasia kwa miguu huku anamenya chungwa. Na kwa kuwa nimemtaja nyati, wangu mimi, niliyemlisha tangu ndama, akimwona Bram njiani anageuza shingo, na mimi nikimwita anajifanya hasikii. Kila kibali chake kikikaribia kwisha, Bram huenda mpakani kugongewa muhuri, nasi tukafikiri tumepona. Hurudi na zawadi.

2. Pili ni maswali. Sisi tuna ngome yetu ya kale dhidi ya wageni, nayo ni kuwauliza. Una miaka mingapi? Umeoa? Kwa nini hujaoa? Mshahara wako unakutosha? Mbona umenenepa tangu Jumatatu? Mgeni wa kawaida akiulizwa hivyo mara mbili hukumbuka kwamba ana basi la kuwahi. Huyu hujibu yote, tena kwa furaha, halafu huuliza yeye. Alimuuliza mke wangu, akiwa anakatakata vitunguu, kama ana furaha maishani. Mke wangu akaweka kisu chini akafikiri. Mpaka leo bado anafikiri, na chakula kinachelewa.

3. Tatu, na hapa ndipo penye donda, ni mguu wake.

Wewe ni mtoto wa hapa, huhitaji kuambiwa kwamba mtu wa kwanza kuvuka kizingiti asubuhi ya Mwaka Mpya ndiye anayeingiza bahati ya nyumba ile kwa mwaka mzima, nzuri au mbaya. Ndiyo maana watu hawaliachi jambo hilo liende ovyo. Humchagua mtu ambaye nyota yake, yaani mnyama wa mwaka aliozaliwa, inapatana na ya mwenye nyumba, asiye na msiba, mwenye uso wa bashasha na mguu mwepesi. Kwa miaka kumi na moja, hapa Dong Say, mguu huo ulikuwa wangu. Nyumba zilifungwa milango na watoto wakabanwa na mkojo, wote wakinisubiri mimi nimalize nyumba za jirani. Niliingia kwa mguu wa kulia, nikatamka baraka, nikapewa paja la jogoo na wali wa kunata. Sikusoma sana, na shamba langu ni la kutosha kuku kutembea. Lakini asubuhi ile moja katika mwaka nilikuwa mtu. Nakwambia wazi, ndiyo asubuhi niliyokuwa nikiishi kwa ajili yake.

Mwaka Mpya uliopita, Duyen alimwonya Bram asitoke nje hadi mchana. Lakini kitabu chake kilimwambia kwamba siku hiyo watu hutembeleana. Akavaa soksi safi, akachukua tawi la mpichi lenye maua, akaingia nyumba ya kwanza aliyoikuta taa inawaka, ya Giap mfuga bata. Mimi nilikuwa nyumba mbili nyuma, paja mkononi, niliposikia ukelele. Nilipofika, Giap alikuwa amekaa chini kashika kichwa. "Jamani nimekwisha! Mwaka wangu umevamiwa na Mholanzi!" Mkewe naye alikuwa anamsukuma Bram tumboni, maana kifuani hafiki: "Hata nyota yake hatuijui! Mtoeni, arudi nje kinyumenyume, labda haitahesabika!" Bram alidhani hizo ndizo baraka za Mwaka Mpya. Akapiga makofi, akawasukuma na yeye kidogo, kwa adabu.

Nilimfariji Giap. Nilimwambia mwaka ni miezi kumi na miwili tu, utapita.

Ndugu Mwenyekiti, mwaka huo bata wa Giap walitaga mpaka wakatia huruma. Binti yake mkubwa, ambaye ukoo ulikuwa umekwisha kumkabidhi kazi ya ushangazi wa kudumu, akaolewa na daktari wa meno. Na paa lake, lililovuja tangu enzi za baba yake, likaacha kuvuja bila fundi kuligusa. Kijiji kizima kikaenda kulitazama lisivyovuja. Walisimama chini yake kwenye mvua, wakinyoosha viganja.

Giap akanifuata. "Kaka Thuc, usinielewe vibaya. Umeingia kwangu wa kwanza mwaka baada ya mwaka na sikulalamika. Kuna mwaka tulipata mafuriko. Kuna mwaka bata wakafa kwa homa. Na mwaka ule mwingine mke wangu akavunjika mguu, tena palepale ulipokanyaga!" Nilimjibu kwa hoja. Nikamuuliza, bila mimi, angejuaje kwamba mkewe asingevunjika miguu yote miwili? Lakini mlango hatanifungulia tena, amesema hivyo mbele ya bata.

4. Lalamiko la nne limefutwa na mke wangu, ambaye anasema halimhusu Bwana Bram hata kidogo, tena lina uongo ndani yake.

5. Tano, kuinama. Milango yetu ilijengwa kwa vipimo vya watu wetu. Bram asipoinama anapasuka paji la uso, kwa hiyo anainama kila mlango. Basi vikongwe wakimwona hutikisa vichwa kwa mapenzi. "Mzungu wa watu, heshima hiyo! Si kama Thuc, anaingia kifua mbele utadhani kaja kukagua choo." Hayo aliyasema bibi yake Giap, mbele yangu, huku anampa Bram mto akalie. Mwanangu, kimo changu ni cha kupita. Nikiinama bila sababu wataniuliza nimedondosha nini. Mtu amesifiwa kwa kazi ya seremala, na mimi nimelaumiwa kwa ufupi niliopewa na babu yako.

6. Sita, Mwaka Mpya huu unaokuja. Watu wanamshika Bram mapema kama ukumbi wa harusi. Anayepanga zamu ni Duyen, ambaye zamani ukimsalimu alikuitikia kwa mwiko. Siku hizi anakaa kwenye kiti cha uvivu. "Nyota yako ni Panya? Mmh, Panya wamejaa. Lete kwanza mchuzi wa samaki, ule wa chunguni, tutaangalia." Bram mwenyewe anafurahi tu, anasema hatimaye ameanza kutuelewa.

Mimi nilibakiwa na nyumba moja, ya mama mkwe wangu, kwa kuwa masikio yake ni mazito na habari zilikuwa hazijamfikia. Jumanne zilimfikia.

Naumia, mwanangu Nhan. Nisamehe, nilisema nitakuita Ndugu. Lakini naumia. Nikipita njiani watu wananisalimu vizuri mno, vile anavyosalimiwa mfiwa. Kila alfajiri nazunguka bwawa nikijizoeza kukanyaga kwa wepesi, na bata wa Giap wananicheka.

Kwa sababu hizo, naomba kamati yako itoe amri. Kina cha utamaduni kwa wageni kiishie kwenye vifundo vya miguu, na atakayezidi hapo arudishwe kwenye mashua na kofia yake. Ni marufuku mgeni kuuliza wake za watu kama wana furaha wakati chungu kiko motoni. Vizingiti vya juu vya milango yote ya kijiji viinuliwe, ili mwenye heshima aonekane kwa heshima yake na si kwa kuogopa kuumia. Nyati waelimishwe.

Na ikiwa hayo yote hayatatosha, tuitumie desturi yenyewe. Mtu mwenye msiba hatangulii kwenye nyumba za watu. Naomba kamati imtafutie Bwana Bram msiba. Simwombei mtu kifo, niko mbali na hayo. Shangazi tu, wa huko huko kwao Uholanzi, anatosha, na si lazima mwenyewe ajue. Barua moja fupi ya rambirambi yenye muhuri wako itamaliza kazi. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenda kumpa mkono wa pole, tena nitalia.

Nisipopata jibu kabla ya tarehe ishirini na tatu, nitalipitisha suala hili kwa Mungu wa Jikoni, ambaye siku hiyo hupanda mbinguni kupeleka taarifa za kila nyumba. Samaki wa kumbeba nimekwisha mnunua, mnene kuliko wa mwaka jana, ili afike kabla foleni haijawa ndefu. Sipendi mambo ya kata yapelekwe juu kiasi hicho. Usinilazimishe.

Wasalimie mumeo na wanao, na yule mdogo aambiwe kishada chake nimekipata juu ya mti. Msalimie mama yako, ambaye najua anasoma barua hii begani kwako. Wasalimie makarani wote ofisini, hata yule aliyepoteza barua yangu kuhusu kinyesi cha bata. Kila mtu hapa hajambo na anawasalimu.

Wako katika kuulinda utamaduni usichimbwe,

Khuat Van Thuc
Mguu Mwepesi (Mstaafu kwa Kulazimishwa)

Tanbihi: Barua nilikuwa nimekwisha ifunga, mke wangu akanifungulisha. Anataka niongeze jambo dogo.

Amri zote hapo juu zianze kazi siku ya pili ya Mwaka Mpya, baada ya chakula cha mchana. Si kabla. Asubuhi ya siku ya kwanza, jogoo wa kwanza akiwika, Bwana Bram ataingia kwangu. Amekubali. Atapitia nyuma, kwenye matuta ya mnanaa, ili Duyen asimwone, na soksi atavalia kwetu.

Unamjua Hoai wangu. Miaka sita ameolewa, anaishi hapa na mumewe, na ni msichana wa kucheka. Siku hizi anawafulia nguo watoto wa jirani, bila kuombwa, na akimaliza anazikunja polepole mno. Hatumuulizi. Sisi tunaomuuliza kila mtu kila kitu, huyo hatumuulizi. Lile lalamiko la nne lililofutwa lilisema kwamba nyumbani kwangu hatujawahi kukosa bahati. Nilipoliandika, mke wangu aliniambia hivi: "Baba Hoai, miaka kumi na moja unatoka hapa usiku kuwapelekea watu bahati. Na hapa kwetu, aliyekuwa anaingia wa kwanza ni nani? Si wewe mwenyewe, unarudi umeshiba? Basi hiyo ndiyo bahati tuliyonayo, mume wangu. Ni mguu huohuo." Nikampa kalamu, akalifuta.

Kwa hiyo yule shangazi wa Uholanzi tafadhali asife. Na kama barua imekwisha chapwa, mfufue, maana mwenye msiba hawezi kuvuka kizingiti changu. Duyen asiambiwe, na Giap ndiyo kabisa. Kuhusu vizingiti vya juu, wengine wote wainue. Cha kwangu nilikishusha jana kwa upana wa kiganja, ili ainame vizuri.