Safari ya Ziwani ya Kumtuliza Mama Zahra

Jumanne, 10 Juni 2025. Kenton.

Mpango umekamilika! Kesho naondoka na mke wangu Zainab kwenda kaskazini kwa gari la kulala. Kitanda, jiko, choo, vyote ndani. Mji unaitwa Keswick. Una ziwa, una mto, una milima. Akishaona kwamba Uingereza si Kenton na mvua tu, hamu ya Pemba itamtoka.

Maana anataka kwenda. Mama yake, Bi Mize, anaumwa huko Wete. Bi Mize huumwa, akapona, akaumwa tena. Lakini mke wangu namjua, akifika harudi. Shoga yake mmoja wa Rayners Lane alikwenda kuuguza mama, mpaka leo yuko kule, kafungua duka la vitambaa. Mumewe amekonda.

Nimemwambia Mama Zahra asubiri siku chache tu, tukirudi tutakata tiketi. Subira huvuta heri. Akanitazama, akaenda kukunja nguo. Kakubali!

Kaka yake, Suhaib wa Tooting, kapiga simu kusema kwamba mimi hata kigari cha dukani kinanishinda kusukuma. Hasidi.

Jumatano, 11 Juni. Keswick.

Tumefika. Gari limekwaruzika ubavu mzima. Nguzo ilisimama pabaya. Kazi yangu halmashauri ni kuwaandikia watu faini za maegesho, kwa hiyo nguzo iliyosimama pabaya naijua nikiiona.

Kambi iko ukingoni mwa ziwa. Nimeichagua mwenyewe kwa sifa moja ambayo wageni wengine huilalamikia: simu hazishiki mtandao. Hakuna Suhaib, hakuna Wete, hakuna habari za dripu. Ziwa kijivu, baridi. Nikamwambia Zainab atazame maji. Akasema ameyaona. Akainua simu juu, akalizunguka gari lote, akarudi ndani analia. Hewa ya mlimani huwatoa watu machozi.

Alhamisi, 12 Juni.

Asubuhi Zainab kapika vitumbua, akampelekea sahani jirani, bibi mmoja Mskoti mwenye mbwa. Sahani ikarudi na mayai. Mzungu anayejua kwamba sahani hairudishwi tupu! Wakakaa nje wakizungumza habari za mama zao. Nikajipongeza. Bibi yule ni sababu tosha ya mtu kubaki nchi hii.

Kisha mjini. Hapo palikuwa na hatari, maana mjini mtandao upo. Nikamwambia simu yake imekwisha chaji, aiache garini, atatumia yangu. Yangu nikaizima sauti. Tukafuata mto, tukapita gulioni, tukaingia makumbusho ya penseli. Ndiyo, penseli! Zainab akasimama mbele ya penseli moja ndefu kuliko gari letu, akauliza kama sasa anaweza kumpigia mama. Ilikuwa saa nane mchana. Nikasema Wete wamelala. Akasema Wete ni saa kumi, alasiri. Nikasema wagonjwa hulala alasiri.

Mfukoni simu ikatetemeka. Suhaib! Ikatetemeka tena darajani, na tena tukinunua aiskrimu. Sikupokea. Anataka kujua kama nimeligonga gari. Raha hiyo simpi.

Ijumaa, 13 Juni.

Mvua. Zainab kanuna. Nikatoa silaha yangu ya siri: chetezo na udi, nilivyovificha kabatini tangu Kenton. Nikawasha makaa humo humo garini, madirisha nimeyafunga ili harufu isipotee. Harufu ya harusi yetu! King'ora cha moshi kikapiga kelele. Kambi nzima ikatoka na miavuli. Bibi Mskoti kambeba mbwa. Mwenye kambi akaja mbio, nami nikaanza kumwomba radhi kabla hajafika: udi, mila, ndoa. Akasema hakuja kwa sababu ya moshi. Binti yetu yuko kwenye simu ya ofisini. Amekuwa akitutafuta tangu jana.

Zainab akaenda peke yake kwenye mvua.

Bi Mize amefariki. Jana alfajiri. Wamemzika jana ile ile, baada ya sala ya alasiri.

Aliporudi alisimama mlangoni, akasema: "Wanamtia mama kaburini, Baba Zahra, na mimi nimesimama natazama penseli."

Akaomba simu yangu. Nikasema haina chaji. Akaitoa mfukoni mwangu mwenyewe. Suhaib, Suhaib, Zahra, Suhaib. Akayasoma majina yote, akanirudishia simu. Nikaingiwa na hofu, afadhali angenitukana. Bibi Mskoti akaja akamkumbatia, wakalia wote wawili. Mimi nimeshika chetezo, sina pa kukiweka.

Jumamosi, 14 Juni. Kenton.

Njia nzima Zainab kakaa nyuma, anasoma Yasini. Nikamweleza kwamba hata angepata habari saa ile ile, kwa ndege asingewahi maziko. Hoja nzuri kabisa. Haikupokelewa. Nyumbani, mlango wangu kaufungua Suhaib, ndani watu wanasoma hitma. Akanipa mkono wa pole, macho yake ukutani.

Jumatano, 25 Juni.

Zainab kaondoka jana. Suhaib ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Mimi sikuambiwa hata saa. Tiketi ya kwenda tu. Pengine za kurudi zilikuwa zimejaa. Zahra namwandikia mistari kumi, ananijibu neno moja la Kiingereza. Nyumba imekuwa kubwa. Jana usiku nililia, wallahi.

Lakini leo nimefungua kabati! Cherehani hakuna. Kanga hakuna. Picha za mama yake hakuna, hata mbuzi ya kukunia nazi kaichukua. Koti lake la baridi lipo! Linaning'inia, na skafu yake, na glavu, na chini yake buti za theluji. Koti zima, zuri, la sufu. Mtu haachi koti kama lile ikiwa hana nia ya kurudi. Nimefurahi mpaka nimekaa sakafuni.

Atarudi kabla ya baridi, hilo sina shaka nalo. Nimekwisha kutafuta gari jingine, kubwa zaidi, na ziwa huko Uskoti ambako hata redio haishiki.