Baba Mdogo Aliyekwama kwa Moshi

Jumanne, 23 Septemba 1997. Nalufenya, Jinja.
Nimeokoka! Redio imesema moshi wa misitu inayoungua umefunika miji ya Malaysia. Watu wanatembea wamefunga pua, na mashirika ya ndege yamesitisha safari. Nilirukaruka mpaka nikamwagia chai suruali za mitumba ninazouza. Poleni Wamalaysia, lakini kufa kufaana.

Jumamosi natakiwa Mbale kumposa Nafuna. Kwa desturi kijana hajisemei, husemewa na ndugu wa baba yake. Nami, ili nimzidi Ouma, dereva wa lori kutoka Kenya anayemtaka Nafuna huyohuyo, nilitangaza kwamba baba mdogo wangu ni meneja ng'ambo na atakuja kwa ndege. Kusema kweli, baba mdogo Herbert anachoma matofali Buwenge. Ndege anaziona zikipita juu. Bahati nzuri sikutaja ng'ambo gani. Kuanzia leo ni Malaysia.

Jumamosi, 27 Septemba. Namakwekwe, Mbale.
Nilifika peke yangu, uso wa msiba. Babake Nafuna, Afande Wamono, ni askari jela mstaafu. Nilitegemea kufukuzwa. Kumbe naye aliisikia habari! Akaniuliza hali ya mapafu ya baba mdogo. Nikasema mabovu. Hapo nilizidisha. Nafuna aliniangalia kama mteja aliyeona doa kwenye shati.

Ouma alikuwepo, kakalia kiti kizuri. Akauliza baba mdogo yuko mji upi. Nikajibu ule wa katikati. Afande akamkemea Ouma awaheshimu wenye matatizo, kisha akamwambia animiminie chai. Sijawahi kunywa chai tamu namna ile.

Jumapili, 28 Septemba. Mbale.
Afande alisimama kanisani akaomba watu waiombee Malaysia mvua. Kanisa zima likapiga magoti. Mimi nikalia kwa aibu, wao wakadhani ni uchungu wa baba mdogo. Tulipotoka mvua ikanyesha Mbale na viatu vyangu vikabanduka soli. Afande alisema Mungu ameanzia karibu.

Jumatano, 1 Oktoba. Nalufenya.
Balaa. Redio imesema mji mmoja kule umepata mvua na ndege zimeanza kuruka tena. Nafuna akanipigia simu dukani kwa jirani. Baba yake anamngoja baba mdogo Jumamosi. Nisipomleta, Jumapili ni zamu ya ukoo wa Ouma kuja kuposa. Nampenda yule msichana, na hilo si uongo. Akaniambia nilete mtu yeyote wa kwetu, mradi awe wa kwetu.

Nikaelewa: nimlete Herbert, lakini nimpambe. Nimekwenda Buwenge leo hii. Harufu ya moshi anayo tayari, ya bure. Nimempa koti zito la sufu na kumfundisha kukohoa. Alisema yeye atamsemea mtoto wa ndugu yake hata kwa kikohozi.

Jumamosi, 4 Oktoba. Mbale.
Alikohoa vizuri mno. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Afande akauliza, Malaysia redio inasema ni joto, koti la nini? Herbert akanitazama. Nikamkonyeza akohoe. Badala yake akavua koti. Ndani, shati limejaa vumbi jekundu la matofali.

“Afande,” akasema, “mimi naitwa Herbert, nachoma matofali Buwenge. Huyu ni mtoto ya ndugu yangu. Baba yake alikufa. Mimi ndiyo iko.”

Nikatafuta mlango. Ouma alikuwa amesimama hapo, anacheka. Nikamuaga Nafuna moyoni.

“Mimi nililinda wafungwa miaka mingi,” Afande akasema. “Uongo naijua hata ikivaa koti. Nilikuwa nangoja mtu moja tu ya ukweli kutoka kwa hii kijana.”

Akaagiza chungu cha pombe ya ulezi kiwekwe katikati, na Herbert akapewa mrija wa kwanza wa kuinywea. Walizungumza mpaka jioni kama waliokua pamoja. Nafuna ni wangu! Harusi Desemba. Hata Ouma aliomba mrija, na tukampa.

Jumapili, 5 Oktoba. Mbale.
Asubuhi Nafuna alinishika mkono akasema kwamba sasa nimejionea mwenyewe, ukweli unatosha. Nikakubali kabisa, kwa moyo wote. Nikaapa.

Wakati wa chai Afande akauliza bibi harusi atafikaje Jinja. Ouma, muungwana ghafla, akajitolea lori lake, atalisafisha na kulipamba maua. Lori! Kabla sijajizuia nikawaambia asisumbuke, nimeshakodi ndege. Nafuna akaweka kikombe chini polepole sana.

Sina wasiwasi. Desemba ni mbali, na taarifa ya habari naisikiliza kila jioni. Ikikosa moshi, haikosi mafuriko.