Nukta ya Inuhara

Inuhara, Jumapili, 6 Novemba, mwaka wa thelathini wa enzi ya Showa (1955)

Mjomba Kiyohiko,

Nakuahidi nitakueleza yote, bila kupunguza wala kuongeza. Mwalimu alinipa kazi ya kuinukuu hotuba ya mgeni akiisoma, kwa hiyo ninayo neno kwa neno, pamoja na maneno ya watu waliokaa karibu nami. Unajua tulichokuwa tunasubiri. Kampuni ya mabasi imetangaza kwamba kuanzia Aprili basi litafika katika kila kijiji ambacho jina lake limo katika rejista ya wilaya. Nimefaulu mtihani wa majaribio wa kwenda sekondari, lakini kwa miguu ni saa tatu, na theluji ikianguka njia hufungwa. Jana Bwana Kuramochi wa wilayani alikuja kutueleza asili ya jina letu na kufungua Kituo cha Asili ya Jina. Tulikaa kwenye mikeka katika uwanja wa shule, naye akasoma hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mheshimiwa Katibu wa Kijiji, ambaye naarifiwa kuwa ni huyo huyo, Mwalimu Mkuu pamoja na walimu wote, ambao naona ni mmoja, wazee, wazee wa kati na wazee watarajiwa, ushirika wa wachoma makaa, kikosi cha zimamoto pamoja na pampu yake, akina mama wa figili za kuchachua, wanafunzi, mabibi na mabwana. (Makofi. Mbwa aliyeletwa na mgeni katika gari alipiga miayo.)

"Awali ya yote, kwa niaba ya Idara ya Uratibu, Uhuishaji na Uendelezaji wa Majina ya Mahali, ambayo mimi ndiye Kaimu Naibu Mkurugenzi wake, na kwa niaba yangu binafsi, ambaye nimekuwa nikijiwakilisha kwa uaminifu kwa miaka ishirini na sita, napenda kuchukua fursa hii adhimu kutamka kwamba nimesimama. (Makofi machache. Bwana Genzo, muuza tofu: 'Tunakuona, bwana. Endelea tu, tofu yangu haijaiva.')

"Ndugu wananchi, swali lililoisumbua Idara yetu kwa muda mrefu ni hili: kwa nini kijiji hiki kinaitwa Inuhara, yaani Uwanda wa Mbwa, ilhali utafiti wetu wa awali ulibaini kwamba hakuna mbwa, na utafiti wetu wa pili ukabaini kwamba hakuna uwanda? (Kicheko. Mama mmoja nyuma yangu: 'Miguu yangu inaujua mlima huu, angeniuliza mimi.') Katika kulishughulikia suala hili kwa mtazamo mpana, shirikishi na endelevu, tuliunda tume, tume ikaunda kamati, kamati ikaandaa semina ya siku nne katika hoteli ya maji moto, na maji, nathubutu kusema, yalikuwa ya moto kweli. Wataalamu waliwahoji wakazi mia moja na wawili wa kijiji hiki, na asilimia themanini na saba walijibu 'sijui', jambo linalothibitisha bila shaka yoyote kwamba wananchi wanaitunza siri kubwa. (Watu walitazamana kuona nani ana siri.)

"Matokeo ni kama ifuatavyo. Nadharia ya kwanza: hapo kale jemadari mmoja alipotea milimani, mbwa wake akabweka mara tatu, naye akaiona njia. Jina la jemadari halijulikani, la mbwa halijulikani, na njia pia bado haijaonekana, lakini sauti ya kubweka tumeikadiria. Nadharia ya pili: ukiitazama ramani ya kijiji ukiwa umeigeuza juu chini, na mimi niliigeuza mwenyewe, utaona mbwa aliyelala, akiwa amekosa miguu na kichwa. Nadharia ya tatu bado ipo kwa mpiga chapa. Na kwa upande wa takwimu, nafurahi kuwatangazia kwamba tangu saa nne asubuhi ya leo idadi ya mbwa hapa Inuhara imepanda kutoka sifuri hadi mmoja, ongezeko ambalo wahasibu wetu wameshindwa kulitafutia asilimia. (Makofi marefu. Mbwa aliamka akahamia karibu na Bibi, aliyekuwa na kichwa cha samaki ndani ya kitambaa.)

"Naona mama mzee ananyoosha mkono. Ratiba haina kipengele cha mikono, lakini serikali yetu ni sikivu. Sema, Bibi."

(Hapa mama yako alisimama, Mjomba. Alisema: "Mwanangu, hakuna jemadari hapa. Mpima ardhi alifikia kwa babu yangu, akaandika jina letu Ohara, Uwanda Mkubwa. Alikuwa amewekewa maandazi ya mtama. Tone la mchuzi wa soya likadondoka juu ya bega la herufi ya neno 'mkubwa'. Herufi hiyo ukiitia nukta begani inasomeka 'mbwa', hilo hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Babu alikuwa anasimulia mpaka machozi yanamtoka kwa kucheka." Bwana Genzo akasema: "Kumbe sisi ni mchuzi.")

"Ahsante, Bibi. Nukta yako nimeipokea, na itaingizwa katika kumbukumbu."

(Bibi: "Isiingizwe, mwanangu. Itolewe." Kicheko kikubwa. Mwalimu aliinama kufunga kiatu ambacho hakina kamba.)

"Ndugu wananchi, tusicheke. Suala la nukta ni nyeti. Kwa mujibu wa mwongozo, iwapo rejista ina nukta, ninyi ni Inuhara, na basi ni haki yenu. Iwapo haina nukta, ninyi ni Ohara, na Ohara ng'ambo ya mlima tayari ina basi, kwa hiyo kitakwimu mmekuwa mkilipanda tangu mwaka jana. (Hakuna aliyecheka. Kalamu yangu ilidondoka, nikaiokota.) Je, nimeiangalia rejista? Hilo ni swali zuri, na ndiyo maana sikuja na jibu lake. Lakini hebu tutazame mbele. Kituo cha Asili ya Jina, chenye ghorofa mbili, vyumba kumi na sita na sanamu ya mbwa yenye urefu wa mita kumi na mbili inayobweka kila saa kamili, kitaufanya ulimwengu mzima uje hapa, na mimi, bila kujisifu, kwa maana wenzangu wa Idara wanalifanya jambo hilo kwa niaba yangu, nimekisimamia kwa mikono yangu miwili tangu mstari wa kwanza hadi mhuri.

"Sasa nikisema 'Jina', mtaitikia 'Maendeleo'. Jina. (Watu: 'Maendeleo.') Mbwa. (Wachache: 'Maendeleo.') Basi. (Watu wote: 'Lini?')

"Namalizia kwa shukrani. Nakushukuru Mwenyekiti kwa chai, na Katibu kwa chai hiyo hiyo. Na kwa namna ya pekee nawashukuru ninyi nyote, kwa kuwa kati ya vijiji tisa nilivyovisomea hotuba hii, nikibadilisha mnyama tu, ninyi ndio pekee ambao hamkuniuliza Kituo kiko wapi, hivyo ripoti ya kukamilika kwake, niliyoitia sahihi Machi, inabaki kuwa kweli. Ahsanteni kwa kunisikiliza."

(Bwana Genzo: "Kiko wapi?")

Mgeni alikata utepe. Ulikuwa umefungwa kati ya nguzo mbili za mianzi, na nyuma yake kulikuwa na shamba la figili la Mwenyekiti. Kisha aliingia garini akamwita mbwa. Mbwa alitazama gari, akatazama kitambaa cha Bibi, akabaki. Usiku alilala mlangoni kwetu, na leo asubuhi Bibi amemwita Mchuzi.

Wengi wanasema tusisubiri basi. Mimi nasubiri. Nimeshapiga pasi sketi ya sekondari, ingawa bado ni ya binamu Kinuko. Wewe, Mjomba, unafanya kazi katika chumba cha rejista, na kitabu chenyewe kiko rafu chache tu kutoka mezani kwako. Bibi aliposikia nakuandikia, alimsugua Mchuzi kichwa, kisha akasema hataki tena nukta itolewe.

Tafadhali nijibu kwa posta ya kurudi: herufi yetu ina nukta begani? Na Bibi anauliza, kama haina, leo umekula nini mchana, na kilikuwa na mchuzi wa soya?

Mpwa wako,
Fumie